Kitambaa Chekundu

Karatasi ya sita ndiyo iliyomkwamisha Crispin ngazini, brashi mkononi, gundi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Bango kubwa halibandikwi kama stempu. Huja vipande vinane, na mbandikaji huviunga kimoja kimoja, pua yake karibu igusane na ukuta, asione anachokijenga. Kwa miaka kumi na minne Crispin alikuwa amewabandikia watu wa Brussels bia, magari na meno ya wagombea, asijali. Lakini ukuta wa leo ulitazamana na lango la mbele la hospitali ambayo marehemu mkewe, Mbombo, aliisafisha miaka kumi na tisa. Na kwenye karatasi ya sita, safu ya chini, ulitokeza mkono mweusi wa mwanamke, ukifuta meza ya chakula ya mgonjwa kwa kitambaa chekundu.

"Banza! Ile kitambaa iko rangi gani?"

Mwenzake, aliyeshika ngazi kwa mkono mmoja na mkate kwa mwingine, aliinua macho. "Rouge, papa. Macho yako imekufa?"

"Na rouge ni ya nini?"

"Mi najua wapi? Ya Noël, ya Krismasi?"

"Ya choo!" Crispin alifoka hadi njiwa wakaruka ukutani. "Ya choo, Banza! Banafuta meza, fasi muntu anakulia, na kitambaa ya choo!"

Sheria hiyo aliijua kuliko sala. Chekundu ni cha choo, cha manjano ni cha sinki, cha buluu ni cha meza na kitanda. Mbombo aliifuata hata jikoni kwao, Anderlecht. Mgeni aliyegusa kitambaa kisicho chake alitolewa jikoni kwa maneno makali. Kisha siku moja wakubwa wakakuta kitambaa chekundu kwenye meza ya mgonjwa. Nani alikiweka, hakuna aliyeuliza. Barua ya onyo ilimwangukia Mbombo. Crispin aliacha shule darasa la tatu, kusoma kwake ni kwa kidole, lakini barua ile aliikariri neno kwa neno: kosa zito la usafi, kuhatarisha wagonjwa.

Mbombo alikataa kutia sahihi. Wakamshusha chini ya ardhi, kwenye mashine za kukausha mashuka. Miezi kumi na moja alipanda ngazi kuomba barua itolewe kwenye faili lake, na miezi kumi na moja aliambiwa utaratibu ni mrefu, mama, vumilia. Mwezi wa kumi na mbili alianguka kati ya mashine mbili. Madaktari walisema mshipa wa kichwani. Crispin alisema wakubwa, na mpaka leo anawasema, kila baa ya mtaa wa Matonge inayomvumilia.

Na sasa wakubwa walewale, kwa herufi ndefu kama mbuzi aliyesimama wima: MERCI, yaani asante, kwa wanaotusafishia.

Alishuka. Kwenye karatasi ya kazi kulikuwa na picha ndogo ya bango zima na, pembeni, anwani ya aliyelichora. Porte de Namur.

"Papa Crispin, tuko na mabango ingine ine," Banza alilalama. "Chef wa kazi atatukamata."

"Akamate. Wewe endesha gari."

Mchoraji aliitwa Hanne, mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa kukodolea kompyuta. Walizungumza Kifaransa, cha Crispin kilikuwa kimevunjika mifupa, lakini kilitembea.

"Huyu mama ni nani?" alimuuliza, kidole juu ya picha.

"Si mtu, bwana. Ni akili mnemba. Naandika maneno, mashine inatoa picha."

"Maneno gani?"

Hanne akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Msafishaji, mwanamke Mwafrika, anatabasamu, hospitali yenye mwanga."

"Na kitambaa chekundu, uliandika wewe?"

"Hapana. Mashine ilijichagulia. Ilinipa wanawake wanne. Huyu nilimpenda kwa sababu nyekundu inaendana na nembo ya hospitali."

Crispin alicheka, kicheko kikavu. "Ilikupa wanne! Hospitali ile ina wanawake mia mbili, madame. Wana vichwa. Wana majina. Tramu inakufikisha mlangoni."

"Zamani ningekwenda na mpiga picha, siku tatu," Hanne alijibu, naye sasa sauti imempanda. "Safari hii wamenipa asubuhi moja. Unadhani napenda?"

Crispin alimweleza sheria ya vitambaa. Ya Mbombo alitaka kuyasema; akayaacha. Hanne alishika kinywa. Kisha akazungushia kile kitambaa mstari, akaandika maneno machache, na kwa muda wa mtu kukohoa, kitambaa kikawa cha buluu. Kivuli chake, mikunjo yake, vyote.

Crispin alipaswa kufurahi. Badala yake aliigonga picha kwa kidole. "Basi ni hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Miezi kumi na moja," alinong'ona. Hanne hakuelewa.

Mchoraji akampigia simu Koen, bwana wa mawasiliano wa hospitali, na kuiacha sauti isikike chumbani.

"Limeshachapwa, Hanne," Koen alisema. "Kesho asubuhi mkurugenzi anapigwa picha mbele yake. Nani atagundua?"

Crispin aliiinamia simu. "Wasafishaji. Wote."

"Wewe nani?"

"Mbandikaji."

"Ah. Bwana, wasafishaji huingia kwa mlango wa nyuma." Alisema kwa upole, kama mtu anayetangaza saa ya tramu. "Bango linatazama mbele."

Hanne alikata simu. "Samahani sana, bwana."

"Samahani yako iweke pamoja na zingine. Kwangu kabati imejaa."

Garini, kwenye taa ya pili ya barabarani, Banza alimgeukia. "Bon, papa, acha tu. Ukikataa, kesho banatuma mwengine, na wewe unaenda chômage, bila kazi."

"Nani alisema minakataa?"

Walirudi kwenye ukuta wa hospitali. Nyuma ya gari kulikuwa na mabaki ya mabango ya uchaguzi uliopita. Crispin alilitandaza moja kando ya barabara: mheshimiwa mwenye tabasamu pana na suti ya buluu.

"Huyu alituahidi nini?"

"Kazi," alisema Banza.

"Alors, leo atafanya." Akapitisha kisu kifuani mwa mheshimiwa.

Alilikata koti kwa umbo la kitambaa. Mbombo alikunja chake mara mbili, apate pande nane safi za kufutia kabla ya kukisuuza. Crispin akachora mikunjo hiyo kwa mgongo wa kisu. Akakilaza juu ya chekundu na kupitisha brashi kutoka katikati kwenda pembeni, akitoa hewa, taratibu, kama mtu anayefunika aliyelala. Kisha akamalizia karatasi ya saba na ya nane. Kifungo kimoja cha koti kilibaki kwenye ncha, lakini kwa mbali huwezi kukiona.

Saa tisa na nusu alasiri zamu ilibadilika. Wanawake walizunguka kona kutoka mlango wa nyuma, mifuko begani, wakielekea kwenye tramu. Wengi walipita wameinamisha vichwa. Mmoja, mfupi, mwenye koti la kahawia, alisimama. Akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Akavuka barabara.

Upepo ulikuwa umekwisha kuinua ncha ya ile buluu, na wekundu ulichungulia chini yake. Mwanamke aliweka mfuko chini, akasimama kwa vidole vya miguu, akaibana ile ncha kwa kidole gumba, akaisugua kutoka ndani kwenda nje, mara moja, mara mbili, mpaka ikashika. Akakitazama kidole chake chenye gundi.

Ndani ya gari, kando ya Crispin, Banza alikuwa amekwisha kuushika ufunguo. Hakuuzungusha.