Mama wa Njia za Kijani

Bwana Futi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupima. Jina hilo alipewa na wenzake wa hifadhini likamganda, hata mkuu wake alilitumia kwenye barua. Akiingia kwako atakwambia upana wa mlango wako, uwe umemuuliza au hukumuuliza. Na usithubutu kubishana naye, maana atatoa futi mfukoni akuumbue mbele ya wageni wako.

Hifadhi yenyewe ni bonde refu lililopasuka enzi mlima ulipokuwa bado unatema moto. Mlima ulishakufa zamani, ukaacha kuta za mawe meusi yenye pembe sita, yamesimama bega kwa bega kama penseli ndani ya pakiti, na mto unaoshuka humo kwa maporomoko sita. Kila poromoko lina njia yake ya miguu, na kila njia ina kibao mwanzoni: kijani ni njia rahisi, manjano ni ya wastani, nyekundu ni ngumu. Nani aliyekuwa anaamua rangi? Bwana Futi, gurudumu lake la kupimia, na mama yake.

Ndiyo, mama yake mzazi. Usicheke. Kanuni ya ofisi ilisema njia rahisi ni ile ambayo mtu aliyevuka miaka sitini, asiye na mkongojo, anaweza kuimaliza kwa kukaa chini mara mbili tu. Sasa ofisini utampata wapi mtu wa miaka sitini, na wote wa umri huo walishastaafu? Wapimaji wengine walikuwa wanakisia. Bwana Futi hakisii. Alikwenda nyumbani, mwendo wa saa mbili kwa gari, akamwambia mama yake kwamba kazini wanamhitaji. Mama akavaa viatu vya raba siku hiyohiyo.

Kwa miaka minne wakapima maporomoko matano. Mama alitangulia na fimbo ya kufukuzia nyoka, ambayo hakuiegemea hata mara moja, na mwanawe akafuata nyuma na gurudumu na daftari. Pakiwa na mteremko mkali, mama aliimba. Pakiwa na mpando, alisimama kusimulia habari: jirani aliyegombana na mbuzi wake mwenyewe, shangazi aliyekwenda harusini siku ambayo siyo. Habari zilikuwa ndefu, na mama alizimaliza zote palepale amesimama, ameshika jiwe. Kanuni inasema kukaa. Kusimama Bwana Futi hakukuandika. Na kila safari mama alikaa mara mbili tu, wala hakuzidisha. Njia zote tano zikapata kibao cha kijani, na mkuu wa hifadhi akajigamba kwamba hakuna bonde la mawe meusi lenye njia rahisi kama lake.

Tuseme ukweli, maana hadithi bila ukweli ni kelele: nje ya safari hizo, mwana huyo nyumbani kwao haonekani. Si mtu mbaya. Ni kazi, kazi, kazi. Alikaa kwenye nyumba za hifadhi, akipiga simu Jumapili, mazungumzo ya dakika tatu, na alijua ni tatu kwa sababu alizipima. Baba yao alipofariki alikuja siku mbili. Dada yake mkubwa, muuguzi, ndiye aliyekuwa akiishi na mama.

Njia ya poromoko la tano waliipita siku ya Alhamisi. Ijumaa akapaka kibao rangi ya kijani. Jumapili mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na minne, akaifuata kijani ile kwa kuiamini, na kwenye mteremko wa mwisho magoti yakamkatalia. Aliteleza, akavunjika kifundo cha mguu, akabebwa kwa machela saa tatu nzima.

Jumatatu asubuhi mkuu wa hifadhi alimwita Bwana Futi, akamwekea mezani barua sita za malalamiko ambazo alikuwa amezifungia kwenye droo. Nyingine zilikuwa za miaka miwili. Zote zilisema jambo moja, kwamba njia za hapa zinaitwa rahisi na si rahisi. Bwana Futi alizisoma akiona hasira tu. Watu wa siku hizi ni legelege, alisema, wanataka poromoko liletwe sebuleni. Mama yake ana miaka sabini na mmoja, aliipita njia hiyo Alhamisi na alirudi akiimba. Mkuu akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno lake.

"Mlete. Aipite mbele ya kamati ya hifadhi kesho asubuhi. Akiipita, mimi nitakutetea. Asipoipita, wewe kazi huna, na utaeleza mwenyewe kwa yule mwalimu."

Bwana Futi alichukua ufunguo wa gari bila hata kunywa chai. Wasiwasi hakuwa nao. Alikuwa na shahidi ambaye hajawahi kumwangusha, na njiani alikuwa akijichekea akifikiria sura za wanakamati mama atakapowaacha nyuma wanahema.

Kwao walikuwa hawamtarajii. Siku ya kazi, saa tano asubuhi, nani angemtarajia? Akapitia mlango wa jikoni, ambao haufungwi, akakata kona kuingia kwenye ukumbi mwembamba unaokwenda chooni. Hapo ndipo miguu yake iliposimama yenyewe.

Mama yake alikuwa sakafuni. Alikuwa amekalia blanketi lililokunjwa, miguu ameinyoosha mbele, na alikuwa anajisukuma kwa viganja vya mikono kuelekea chooni, kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya kujisukuma mara mbili. Magoti yake yalikuwa yamefungwa bendeji, na juu na chini ya bendeji yamefura, ngozi imevutika inang'aa. Blanketi lilikuwa limechakaa upande wa chini. Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuburuzwa.

Bwana Futi alishikwa na butwaa. Ufunguo wa gari ukamponyoka mkononi. Mama akageuka kwa mlio wake. Akamwona. Akavuta kanga haraka kufunika magoti, kama mtu aliyefumaniwa akiiba.

"Umekula?" akamuuliza.

Dada alitoka chumbani na beseni la maji ya moto. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mama, na mama akamtikisia kichwa asiseme. Lakini dada alikuwa amebeba siri hiyo miaka minne, na siri nayo huchosha. Akalitua beseni na kuimwaga siri yote. Alisema magoti hayo yameisha tangu kabla ya poromoko la kwanza. Daktari alishasema mama asishuke hata ngazi. Alisema kabla ya kila safari mama humeza vidonge alivyokatazwa kumeza kwa mkupuo, na baada ya kila safari hukaa siku sita, saba, akitembea kwa makalio kama mtoto. Nyimbo za kwenye miteremko zilikuwa za kuficha kilio. Habari za shangazi zilikuwa za kuvuta pumzi. Hata kile kipimo cha kukaa mara mbili alikuwa anakijua. Alikuwa amekisoma kwenye daftari la mwanawe tangu siku ya kwanza, wakati mwana amekwenda kuchota maji.

"Uliniapisha kwa kaburi la baba," dada alimwambia mama huku akilia, "lakini mimi nimechoka kukukanda usiku halafu asubuhi nisikie mtoto wako amepongezwa."

Bwana Futi aliketi sakafuni, palepale, mgongo ukutani. Njia tano. Alijaribu kukumbuka watu wangapi wameshuka humo kwa kuiamini kijani yake, akashindwa kuhesabu, yeye aliyekuwa anahesabu kila kitu. Alimwona yule mwalimu kwenye machela. Alimwona mama yake amesimama ameshika jiwe, anamsimulia habari ya mbuzi huku mguu unamtetemeka, na yeye mwana amesimama nyuma yake anatazama saa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akamuuliza mama yake, kwa sauti aliyoiona ngeni, kwa nini hakumwambia.

Mama akajitia kucheka. Alisema alijikaza kisabuni tu, uzee una mambo yake, na kwani maporomoko hayakuwa mazuri? Alisema lile la tatu, lenye ukungu wa maji, hataacha kulifikiria mpaka anakufa. Kisha akauliza, la sita wanakwenda lini.

Hapo Bwana Futi akaishika mikono yake, iliyokuwa na vumbi la sakafu, akamwapia. Hawaendi la sita. Leo hii anarudi kwa mkuu kusema ukweli wote, kazi iende ikitaka kwenda, na kabla jua halijazama vibao vyote vitano vitakuwa vimeng'olewa. Hatamtoa tena humu ndani kwa ajili ya kazi yake, sio leo, sio kesho. Imekwisha, mama. Pumzika.

Alidhani anamtua mzigo. Lakini uso wa mama ulikuwa ukinywea kadiri alivyokuwa akisema, na alipomaliza, mama alikuwa anatazama kanga yake, anaivutavuta mahali ambapo haikuhitaji kuvutwa. Maumivu yote yale hayakuwa yamemtoa chozi mbele ya mwanawe. Sasa macho yalijaa.

"Basi sasa," alisema, "utakuwa unakuja kufanya nini?"