Jaketi la Kuzamia

Mume wangu Kilian ndiye mzamiaji hodari kuliko wote waliopata kukaa kijijini kwetu Lipingo, kando ya ziwa. Hayo ni maneno yake. Miaka tisa nimelishwa maneno hayo, asubuhi kwenye uji, jioni kwenye pombe ya komoni: jinsi alivyokuwa akishuka miambani na mtungi wa hewa mgongoni kukamata mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wanaopelekwa Ulaya kuogelea kwenye vioo vya matajiri. Aliacha mwaka ule ambao yeye na mdogo wake Victor walishuka wawili, akaibuka mmoja. Lakini ukimuuliza atakwambia aliacha kwa sababu kampuni ilifungwa.

Basi likaja soko huria, kila kitu kikawa huria, mpaka mbuna. Mnunuzi mpya akafika ufukweni, akasema anataka mzamiaji mmoja. Mtungi atatoa yeye, jaketi kila mtu aje na lake, majaribio Jumamosi. Kilian akaanza kukohoa. Kabla hajamaliza kukohoa mimi nilikuwa nimeshamwandikisha jina. Nilikuwa nimechoka kushiba hadithi, nilitaka kumwona akishuka.

Jaketi la wazamiaji si la baridi. Ukilijaza hewa unaelea, ukiitoa unashuka. Hata mimi niliyezaliwa Litumbandyosi kwenye kahawa, nisiyejua kuogelea, nilijua hivyo kwa kusimuliwa. Lake la zamani lilikuwa limeliwa na panya, kwa hiyo Alhamisi tukadandia lori la mahindi mpaka Mbinga, sokoni kwa Protasi, muuza mitumba anayesifika kwamba hakosi kitu.

"Shikamoo mzee," Protasi akamwamkia Kilian.

"Marahaba. Nataka jaketi la kuzamia."

Protasi akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Unazamia wapi, mzee? Ulaya au Afrika Kusini?"

Siku zile kila aliyeshindwa na jembe alikuwa anaota kwenda Dar kujificha ndani ya meli. Huko nako huitwa kuzamia.

"Nazamia ziwani," Kilian akasema.

"Ziwani? Mzee wangu, ng'ambo ni Malawi. Hapo hata shati linatosha."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya belo la nguo. Protasi hakucheka, alikuwa kazini. Akavuta koti zito la sufu, lenye mifuko ya ndani ya kufichia vyeti. "Ukiwa na hili," akasema, "hata wakikukamata bandarini, wanakukamata una joto."

Kilian akamweleza kwa mikono: mpira hapa, kitufe pale, hewa ndani. Protasi akafikiri, kisha akainuka kwenye kiti chake. Alikuwa amelikalia. Jeusi, lina mpira na kitufe, lilikuja ndani ya belo na hakuna aliyejua ni nguo gani, basi yeye akawa analipuliza kwa mdomo na kulifanya mto wa kukalia. "Napuliza Jumatatu," akasema, "mpaka Jumamosi halijapungua."

Kilian akalivaa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe, hewa ikatoka. Akafunga mkanda, ukafika, japo tumbo lililalamika. Alisimama nalo muda mrefu, kidole bado kwenye kitufe. Halafu akalivua upesi, akatangaza kwamba mtu wa hadhi yake havai kitu kilichokaliwa na makalio ya watu mwaka mzima.

Akachagua jingine, la rangi ya chungwa, nene, limejaa sponji, na filimbi inaning'inia kifuani. Lile wanalovalishwa abiria meli inapotaka kuzama.

"Baba Tadea, hili hewa inatokea wapi?" nikamuuliza.

"Mtu wa Litumbandyosi unanifundisha maji?"

Tukalilipia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumamosi nusu ya Lipingo ilikuwa ufukweni, na katekista akiwemo. Kilian akabebeshwa mtungi, akajirusha majini kwa madaha. Akaelea. Akainamisha kichwa, makalio yakabaki juu. Akapiga miguu, akazunguka pale pale kama bata. Mtu mmoja akamwambia apulize filimbi, labda ziwa litampisha. Mnunuzi alisubiri kwa adabu, kisha akatoa kalamu akafuta jina. Aliyecheka kuliko wote ni mimi, tena nilikuwa nampigia kelele kumwelekeza chini ni upande gani.

Jioni nilikuwa bado naendelea. Nikamwambia kesho namrudisha kwa Protasi akachukue koti la sufu. Yeye alikuwa anakula ugali wake taratibu.

"Lile jeusi la mto lilikuwa zima," akasema. "Halivuji popote. Ningeshuka nalo vizuri kabisa."

"Sasa ulilikataa la nini?"

"Ningeshuka nalo mpaka pale nilipomwacha Victor." Akasogeza sahani. "Bora wanicheke, Mama Tadea. Kuchekwa nakuweza."

Nilikuwa na utani mwingine umeshafika mdomoni, nikaumeza. Nikamletea maji ya kunawa, nikamshikia bakuli. Katika miaka yote tisa hakuwahi kujiandikisha popote. Jina lile nililiandikisha mimi.