Mashine Mbili za Nasri

Nasri alikuwa na wake wawili na alipenda kujisifu kwa uadilifu: huyu akipata kanga, na yule kanga. Mwaka wa tisini na saba, bidhaa zimefurika Tanga hadi foleni za sabuni tumezisahau, akawanunulia mashine za gemu waweke barazani, vijana wa mtaa wetu wa Nguvumali walipie kucheza. Sabiha, bi mkubwa, alipata Sega ya kaseti. Hafsa, bi mdogo, Pleistesheni ya sidii.

"Kila mtu moja," alijitapa. "Nani kama mimi?"

Haikupita wiki, vijana wote wakahamia kwa Hafsa. Kwa Sabiha akabaki paka. Mimi jirani yake nilimwona akiipangusa vumbi ile Sega, nikaingiwa na uchungu, nikamwambia ashtaki kwa Shekhe Hatibu.

Shekhe akawaita wote watatu. Nami nikaenda, ingawa hakuna aliyenialika.

"Shikamoo, Shekhe. Mashine ni mashine," Nasri alidai.

"Marahaba. Ingekuwa Sega na Nintendo, ningekuelewa." Kumbe mzee ana wajukuu! "Hizo ni kama zimetiwa jando pamoja. Ni rika moja, zigombane zitakavyo. Pleistesheni ni rika lililofuata. Umempa mmoja mzee, mwenziwe kijana, halafu unaita haki?"

"Hata hiyo Pleistesheni ina maudhi yake, Shekhe. Jumatano usiku nimefika fainali, ikagoma!" Nasri alijitetea.

"Jumatano?" Sabiha aliuliza. "Si ilikuwa zamu yangu? Uliniambia umelala Pangani, umefuata nazi."

Nasri akawa anatafuta kitu kwenye kofia yake.

Sabiha akamgeukia mke mwenzie. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, dada. Nikajiona nimeshinda. Nimeshinda nini? Macho yake yako kwenye tivii, hata nikiwa mgonjwa haulizi."

Sabiha alilia, mbele ya watu, bila kuficha uso. Hafsa akamshika mkono. Wakatoka wawili hao, hata hukumu ya Shekhe hawakuingoja.

Alasiri mashine zote mbili zilikuwa barazani kwa Sabiha, na vijana wamejaa hadi uani. Jioni Nasri akaja, kaoga, kajipaka uturi, kasimama mlangoni baina ya wake zake.

"Leo zamu ya nani?"

"Kalale kwa mama yako," Sabiha alimjibu. "Huko yuko mmoja tu, hutakosea kugawa."