Tulivyolilaza Tanuri

Niliweka kiganja kwenye ukuta wa tanuri, nao ulikuwa baridi. Nyuma yangu wenzangu walipiga makofi. Hakuna tofali hata moja lililopasuka, kuba lote lilikuwa zima, na Mjomba, mkuu wetu wa tanuri, alivua kofia akajifutia machozi. Nilidhani ni machozi ya furaha. Nilimkumbatia mbele ya watu wote, mimi mtu mzima na ovaroli yangu, nikamwambia tumeweza.

Miaka imepita, na bado nikikumbuka kukumbatiana kule naona haya.

Kiwanda chetu kilitengeneza chupa. Mchanga, magadi na chokaa viliingia upande mmoja, na upande wa pili zikatoka chupa za soda na za dawa, zikigongana kwenye mkanda kama watoto wanaotoka shule. Katikati palikuwa na tanuri, na tanuri la kioo halizimwi. Linawaka siku ya sikukuu na siku ya msiba, linawaka hata chupa zisipouzwa, kwa sababu likipoa ghafla matofali yake hupasuka, kuba huporomoka, na hapo huna tena tanuri, una kifusi. Nilizaliwa likiwaka. Baba alipofariki, Mjomba, mdogo wake mama, alinichukua akanisimamisha mbele ya tundu la kuchungulia, akanivisha miwani myeusi, akaniuliza naona nini. Nikasema naona asali.

"Nyepesi au nzito?"

"Nyepesi."

Akacheka. "Basi tumepata mtu." Tangu siku hiyo kiwanda kizima kiliniita Jicho.

Kisha ikaja kodi ya kaboni. Serikali ilisema kila anayechoma mafuta alipie moshi anaoutoa, na mimi, niseme kweli, sikuona ubaya wake. Bomba letu lilitema moshi mchana kutwa, mama alianua nguo zikiwa na madoa ya masizi, na mvua zenyewe sote tulishaona zilivyoharibika. Lakini ng'ambo ya mpaka kodi hiyo haikuwepo. Wenzetu wa huko walichoma mafuta yale yale, wakatoa moshi ule ule, na chupa zao zikaingia kwetu zikiuzwa chini ya bei yetu. Serikali iliahidi kuzitoza kodi mpakani ili mizani ikae sawa. Majirani wakanuna, wakatishia kutonunua mazao yetu, na ahadi ile ikafungiwa kabatini. Wanunuzi wa chupa hawana undugu na mtu. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kutukimbia.

Mwenye kiwanda tulimwita Tajiri. Alitukusanya kwenye ukumbi wa tanuri, akasema dawa imepatikana: tanuri jipya la umeme, moshi kidogo, kodi kidogo, na serikali itamsaidia gharama. Ila jipya litajengwa pale pale lilipo la zamani, kwa matofali yale yale. Kwa hiyo la zamani lilazwe. Kulaza ndilo neno letu. Unashusha moto polepole, kwa wiki nyingi, kama unavyomlaza mtoto mwenye homa bila kumshtua.

Aliyekataa alikuwa fundi wa mashine za chupa, ambaye jina lake la utani, Mbishi, hakulipata bure.

"Tanuri likiwa moto, sisi ni watu," alisema. "Likipoa, sisi ni wapita njia. Waweke kwanza saini kwamba kazi zetu zipo, ndipo tulilaze. Wakikataa, tunafunga mafuta hapo hapo. Lipasuke, tukose wote!"

Ukumbi ulinguruma. Wengi walikuwa upande wake, na Tajiri aliliona hilo, maana aliahirisha kura haraka haraka akasema tukapumzike kwanza, tutaendelea kesho.

Alasiri hiyo Mjomba alikuja nyumbani. Mama alimwekea chai, akatuachia sebule.

"Mpwa wangu," alisema, "mimi nikifungua mdomo watasema nimenunuliwa. Wewe wanakuamini."

"Lakini Mjomba, Mbishi hajakosea. Tukipata saini yao kwanza kuna ubaya gani?"

"Saini itazungushwa miezi, na chupa za ng'ambo zinaingia kila siku. Tanuri lile nimelilea kuliko nilivyowalea wanangu. Unadhani nitalitoa kwa mtu alidhulumu?" Akaweka kikombe chini. "Kuna jicho moja tu linaloweza kulilaza bila kupasuka, na ni lako."

Kilemba cha ukoka hicho, nami nilikivaa, nikatoka nacho kifua mbele.

Kesho yake nilisimama mkutanoni. Nilisema watu waliolinda moto maisha yao yote hawaugeuzi kuwa fimbo ya kutishia. Nilisema tanuri likishapasuka halimlishi mtu, si Tajiri wala sisi. Mwisho nikasema kwamba aliyenifundisha moto hajawahi kunidanganya hata siku moja, na kama yeye anaamini kuna tanuri jipya, mimi pia naamini. Mikono ikainuka mmoja mmoja. Mbishi aliinua wake mwisho kabisa, akinitazama mimi, si Tajiri.

Kulilaza tanuri lile ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tulimwaga kioo chote kilichomo. Tukashusha mwali kidogo kidogo, tukikaza vyuma vinavyolishika kuba kadiri lilivyonywea. Nilishinda kwenye tundu, miwani usoni, huku wenzangu wakiningoja niseme. Rangi ilitoka kwenye asali ikawa ya chungwa, ikawa nyekundu ya kaa, ikawa ya damu kavu, kisha nikavua miwani kwa sababu hapakuwa tena na cha kukodolea macho. Hata Mbishi alifanya kazi kwa moyo wote. Fundi ni fundi. Baada ya yale makofi, Mjomba alituambia tupake namba kwenye kila tofali kwa rangi nyeupe.

"Ili tujue pa kulirudisha," alisema.

Hata hapo hakusema uongo. Alisema nusu tu.

Tukapewa likizo hadi msingi wa tanuri jipya ukauke. Nilikaa nyumbani nikingoja kuitwa. Mjomba akaadimika, na kila nilipomuulizia, mama alisema mdogo wake ni mtu mzima, ana shughuli zake. Uvumilivu uliponishinda nilikwenda kiwandani. Mlinzi wetu alikuwa mtu wa kukudai kitambulisho hata kama mmetoka kunywa chai pamoja. Siku hiyo alinifungulia geti bila neno, na hilo peke yake lilinitia hofu.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Ulikuwa umefagiliwa. Paa lilionekana limepanda juu sana, na lilipokuwa tanuri palibaki sakafu ya rangi nyingine, safi, kama ukutani palipoondolewa picha.

"Matofali yalitangulia miezi kadhaa, malori ya mwisho yalimaliza juzi," mlinzi alisema. "Yote yamevuka mpaka. Mjomba wako alipanda lile la kwanza." Akanikazia macho. "Kwani hakukuaga?"

Nilikuwa nimepigwa changa la macho, mimi niliyeyeyusha mchanga tangu usichana wangu. Nilitoka pale na jambo moja tu kichwani: nimsikie kwa kinywa chake. Mama nilimwambia ninakwenda kumjulia hali rafiki anayeumwa, nikavuka mpaka.

Sikuhitaji kuuliza njia. Nililiona bomba kwa mbali, na moshi wake ulikuwa mweusi vile vile. Umeme uliosemwa haukuwepo, wala hakuna aliyekuwa na haja nao, kwani huko moshi ni bure. Mjomba alitoka getini na ovaroli mpya.

"Nimekuwekea nafasi," lilikuwa neno lake la kwanza. "Mshahara umepungua kidogo, lakini nafasi ipo."

"Ulijua lini?"

"Mpwa, kodi ile ingetumaliza sote. Huku angalau moto unawaka."

"Nimekuuliza ulijua lini."

Akatazama viatu vyake. "Kabla ya mkutano."

"Kabla ya kuja kwetu kunywa chai?"

Akaitikia kwa kichwa. "Ningekuambia, ungeweza kusimama ukasema vile? Uso wako haujui kuficha kitu. Tajiri alishasema tanuri likipasuka hakuna kuhama, na hakuna kazi yangu wala yako. Nilihitaji uamini."

Nilimchukia. Sina neno lingine la heshima zaidi. Kitu pekee ambacho watu wetu walikuwa nacho mkononi ni tanuri la moto, na yeye alijua hawatalikabidhi kwake wala kwa Tajiri. Akaichukua imani yangu akaitumia kama koleo la jikoni, ashikie sufuria ya moto bila kuungua yeye.

"Na Mbishi? Na wale wote?"

"Siwezi kuwabeba watu wote mgongoni."

"Hukumbeba mtu, Mjomba. Wewe ndiye uliyebebwa."

Sikungoja jibu, na kazi yake sikuitaka.

Nikiwa mpakani kurudi, malori ya chupa yalipita mbele yangu, afisa akiyapungia mkono yapite. Mkoba wangu ulifunguliwa kikatolewa kila kitu hadi kitana. Redio ya ofisini kwao ilikuwa ikisoma habari: moshi wa viwanda nchini umepungua sana, kodi imefanya kazi yake, wananchi wanapongezwa. Nilicheka peke yangu hadi afisa akaniuliza kulikoni. Ulikuwa umepungua, ndiyo. Ulikuwa umehama nyumba tu, nao upepo hauonyeshi pasipoti. Waliobaki bila kitu ni wenzangu, ambao hadi leo baadhi yao hupita upande wa pili wa barabara wakiniona.

Njia nzima nilipanga namna ya kumweleza mama. Ni ndugu yake wa tumbo moja. Niliogopa habari hiyo itamvunja. Nilimkuta barazani anashona kifungo cha blauzi. Alinyanyua kichwa, akanitazama viatu vilivyojaa vumbi.

"Pole na safari, mwanangu," alisema. "Vipi, mdogo wangu amekonda?"

Nilisimama pale pale kizingitini. Sikuwa nimemwambia ninakwenda kwa Mjomba. Basi alijua, tangu alasiri ile alipotuachia sebule. Alijua, na asubuhi ya mkutano alinipigia pasi gauni kwa mkono wake, akanitengeneza kola, akaniambia niongee kwa sauti ili na walio nyuma wasikie.

Sindano yake ilikuwa imesimama hewani, anangoja.

"Amekonda," nilimjibu, nikapita ndani.