Starlet ya Mzee Ignatio Yakaguliwa Ziwani

Mzee Ignatio Komba hakuwa na karakana, hakuwa na mashine ya kuchomelea, hakuwa na meno mawili ya mbele, na hakuwa na rafiki hata mmoja pale Lituhi, kando ya ziwa, aliyethubutu kumwambia aache. Alichokuwa nacho ni gari dogo, Starlet nyeupe ya zamani, na ahadi aliyompa mkewe Emerensiana: siku ya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa yao atampeleka kanisani Mbinga kwa gari la spoti.

Aliikata paa kwa msumeno wa chuma, akaishusha mpaka kuku wakashindwa kupita chini yake. Bodi mpya, ndefu na yenye pua kali, aliiagiza kwa Tobias, fundi wa boti. Tobias alifanya kazi safi ya mbao, akaziba kila ungio kwa pamba na lami, lakini mlango alikataa. Alisema hajawahi kutoboa ubavu wa kitu alichokijenga, na hataanza uzeeni. Ikabidi Mzee Ignatio awe anaingia kwa kuvuka ukingo.

Emerensiana aliizunguka mara mbili, akasema atapanda kwa sharti moja: serikali iitambue kwa maandishi. Vinginevyo atakwenda na kaka yake Edmund, kwenye pikapu ya kubebea mbolea. Mzee Ignatio aliona heri kufa kuliko kumwona mkewe akishuka kwenye pikapu ya shemeji siku ile.

Zilikuwa zimebaki siku tisa wakati mkaguzi wa magari alipofika kukagua mabasi. Alikuwa binti mpole.

"Shikamoo, babu. Mbona sioni milango?"

"Marahaba. Haina. Andika sifuri."

Binti alijaribu, akaeleza kuwa fomu yake haikubali sifuri. Akatazama tena: mbao, lami, pua, watu wanaovuka ukingo. Mwishowe aliandika kwamba hii ni boti, akamwelekeza kwa ofisa uvuvi.

Ofisa huyo, Ismail, hakucheka. Alisema boti hukaguliwa majini. Wavuvi kumi na wawili wakaisukuma Starlet ziwani, Mzee Ignatio akiwa ndani, mikono kwenye usukani. Ilielea. Ilielea dakika kumi na moja, ikageuza pua taratibu kuelekea Malawi, ikarudishwa kwa kamba. Ismail akatoa cheti: boti, abiria wawili, jaketi okozi mbili, kasia moja. Kila safari iripotiwe kwa barua.

Mzee Ignatio alikifikisha cheti nyumbani akiwa amelowa mpaka kiunoni, amekata tamaa.

"Wameandika boti, mama Glorious. Panda tu pikapu ya Edmund."

Emerensiana alikisoma chote, pamoja na muhuri. "Nilisema serikali iitambue. Sikusema iitambue kuwa nini." Akajaribu jaketi juu ya gauni lake la jubilei. "Kasia unashika wewe au mimi?"

"Mimi naendesha."

"Basi nipe."

Jumamosi ya jubilei walipanda milima kupitia Ngaka. Malori ya makaa ya mawe yaliwapisha moja baada ya jingine, maana dereva anayeona boti ikipanda mlima hasubiri maelezo. Kwenye kizuizi cha Mbinga askari alisoma cheti, akatazama kasia, akauliza kama ziwa limejaa. Emerensiana akamjibu kuwa liko kawaida, wakaruhusiwa. Mbele ya kanisa alishuka kwa kuvuka ukingo, mumewe amemshika mkono, na Edmund akasogeza pikapu yake nyuma kidogo bila kuambiwa.

Baada ya misa, Mzee Ignatio aliomba karatasi na bahasha kwenye sakristia ya kanisa, akaandika: "Ndugu ofisa uvuvi, boti imefika Mbinga salama saa tatu asubuhi. Abiria wawili. Ziwa hatukuliona tena baada ya Lituhi. Samaki hatukupata." Emerensiana aliisoma, akaongeza kwa mkono wake kwamba abiria wa kike ameridhika, akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akamkabidhi kondakta wa basi la Lituhi.