Pankeki za Kuchemsha

Memsahib Cotterell alikuwa na Kiswahili kibovu kuliko Wazungu wote niliowahi kuwapikia, na niliwapikia wengi. Akitaka mkate upashwe moto alisema, "Chemsha mkate." Sahani yoyote kubwa kwake ilikuwa bakuli. Na saa alizitaja kama zilivyoandikwa kwenye saa yake ya mkono, kwa hiyo akitaka chai saa mbili asubuhi, aliagiza chai ya saa nane. Miaka kumi na mmoja, katika shamba lao la Njoro, nilimpikia alichotaka, si alichosema. Mkate wake haukuchemshwa hata siku moja. Wala hakujua kwamba jikoni ana mkalimani, tena wa bure.

Mwaka wa 1958 duka moja mjini Nakuru lilileta mashine kubwa ya kugandisha vyakula. Jumamosi moja memsahib akarudi kutoka huko na maboksi ya pankeki, ameyafunga kwa magazeti na gunia yasiyeyuke njiani. Zilikuwa pankeki zilizopikwa tayari, zikagandishwa mpaka zikawa ngumu kama vigae, zikapangwa moja juu ya nyingine na karatasi katikati. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mama wa Kizungu anacheka peke yake. Memsahib akayasukuma yote kwenye kisanduku cha juu cha friji yake ya mafuta ya taa, akatoa siagi yangu kupata nafasi.

Jumapili asubuhi alinisogeza kando akashika kikaango mwenyewe. Dakika tatu tu, akapeleka mezani. Bwana, ambaye angekula hata soksi ukimpakia asali, akala mbili.

"Unaona ilivyo rahisi, Geoffrey?" memsahib akamwambia kwa Kiingereza, na mimi nimesimama pale na buli la chai. "Sasa mpishi tunamlipa wa nini?"

Bwana akageuza ukurasa wa gazeti lake. Niliporudi jikoni nilionja kipande kilichobaki. Kilikuwa kitamu kidogo, halafu kikawa karatasi. Nilikitema. Mimi pankeki zangu nilikoroga unga jioni ukalala hadi asubuhi, na wageni waliozisifu miaka yote hiyo waliambiwa ni mkono wa memsahib.

Jumatatu akaniita.

"Khisa, wewe kazi kwisha. Mwisho ya mwezi, wewe na bibi yako, enda. Hii barua yako."

Barua alinipa wazi, bila bahasha, kwa sababu aliamini sijui kusoma. Nilikuwa nimefika darasa la sita shule ya misheni kwetu Kimilili, na Kiingereza nilikisoma vizuri. Lakini miaka ile ya Hali ya Hatari mpishi aliyeonekana na gazeti mkononi alitiliwa shaka, basi nilifunga mdomo nikauacha umefungwa. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni, nikaisoma.

Alikuwa ameandika hivi: "Khisa amenifanyia kazi ya upishi. Mapishi yake ni ya kawaida. Haelewi anachoambiwa na ni lazima asimamiwe."

Nilisoma mara tatu. Nilimchukia mwanamke yule. Mpishi wakati ule bila barua nzuri alikuwa si kitu. Hakuna nyumba Nakuru nzima ambayo ingemfungulia mlango wa jikoni. Na hakuniharibia kwa hasira, ambayo ningeielewa. Aliniharibia huku akitafuta stempu za barua zake nyingine mezani.

Mke wangu Milcah nilimsomea tukiwa chumbani kwetu kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi.

"Baba Nekesa, ichome hiyo kitu," akasema. "Turudi nyumbani tulime."

"Nikiichoma wataniuliza, miaka kumi na mmoja ulikuwa wapi? Nitasema nilikuwa jela?"

"Sasa utafanya nini?"

"Ameandika sielewi. Basi sitaelewa."

Milcah aliniangalia, akaanza kukunja nguo za watoto na kuzitia kwenye sanduku. Ananijua.

Ijumaa wakaja wageni wa kulala, watu wanne. Mkubwa wao alikuwa Bwana Pelham, mzee mwembamba ambaye kazi yake serikalini ilikuwa kuwatahini maafisa Kiswahili. Afisa akifeli kwake, hapandi cheo. Memsahib alimtaka sana mzee huyo amwone mtu wa maana, na wakati wa chai nilimsikia akijigamba: "Mimi na watu wangu tunaelewana kabisa. Kiswahili ni lugha rahisi sana." Nikampa maziwa.

Baada ya chai akaja jikoni.

"Khisa, sikia mzuri. Kesho saa nane, chemsha pankeki yote. Tia bakuli mkubwa, leta meza. Wewe hapana fanya kitu ingine. Fanya kama mimi nasema."

"Kama unavyosema, memsahib?"

"Kama mimi nasema! Bas."

Usingizi wangu ulikuwa mtamu kama wa mtoto.

Asubuhi niliwasha stovu, nikavaa kanzu safi, nikaitia ile barua mfukoni, nikakaa kwenye kigoda. Saa mbili ikafika. Nikasikia viti vinavutwa chumba cha kulia. Saa mbili na robo memsahib akaingia amewiva uso.

"Chakula wapi?"

"Bado, memsahib. Umesema saa nane. Sasa ni saa mbili na robo."

Akanisukumia saa yake puani. "Hii nini? Hii nini?"

"Mbili na robo, memsahib."

"Chemsha!" akapiga kelele. "Sasa hivi! Chemsha, tia bakuli, leta!" Akarudi mbio kwa wageni, na kicheko chake cha uongo nikakisikia hadi jikoni.

Basi nikachemsha. Nilijaza sufuria maji, nikatia chumvi, yalipotokota nikatumbukiza pankeki zote. Nilizipa muda wa kutosha. Ziliumuka, zikapasuka, zikashikana, na maji yakawa mazito ya kijivu. Karatasi za katikati hakunitajia, kwa hiyo nazo zilikuwemo. Nikachukua bakuli la supu, lile la maua lenye mfuniko, zawadi ya arusi yake, nikamimina humo. Nikaingia chumba cha kulia nimelishika kwa mikono miwili, taratibu kama mtu aliyebeba sadaka, nikaliweka katikati ya meza na kufunua.

Mvuke ukapanda. Mke wa Bwana Pelham akachungulia, akajiziba mdomo kwa kitambaa. Bwana Cotterell akachukua upawa, akainua kitu kinachoning'inia, akakiachia kikaanguka chubwi.

"Mungu wangu," akasema.

"Huyu mtu ni mjinga!" memsahib akalia kwa Kiingereza. "Haelewi chochote! Hata kwenye barua yake ya kazi nimeandika hivyo!"

Bwana Pelham alikuwa ananitazama mimi. Akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mpishi, hebu nieleze. Uliamrishwa nini, neno kwa neno?"

Nikamweleza. Sikuongeza wala sikupunguza. Saa nane, chemsha, bakuli kubwa, usifanye kingine.

Akamgeukia memsahib. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndiyo, lakini..."

Mzee akaanza kucheka. Akawatafsiria wenzake kipande kwa kipande, saa nane ni saa ngapi na chemsha ni nini, na meza nzima ikacheka, hata bwana. Memsahib peke yake ndiye aliyekaa wima, shingo nyekundu mpaka masikioni. Nilimtazama nikashiba bila kula.

"Na barua iko wapi?" akauliza Bwana Pelham.

Nikaitoa mfukoni. Akaisoma, akaacha kucheka. "Bibi Cotterell, hii si kweli. Huyu anaelewa kila neno. Itabidi uandike nyingine."

"Andika, Dorothy," bwana akasema kwa sauti ya chini.

Akaandika pale pale, bakuli linatoa mvuke mbele yake. Alipomaliza akaisukuma kwenye ukingo wa meza bila kuniangalia. Sikuondoka. Niliichukua nikaisoma kuanzia juu hadi chini, nimesimama nyuma ya kiti cha bwana. Mpishi hodari, mwaminifu, anaelewa maagizo. Halafu nikairudisha mbele yake na kuweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Memsahib, hapa umeandika miaka kumi. Ni kumi na mmoja."

Akachukua kalamu. Alikata neno, akaanza kuandika jingine juu yake, na katikati ya neno mkono ukasimama. Akainua macho polepole. Nikaiona inamwingia: kwamba ninasoma, kwamba niliisoma ile ya Jumatatu, na kwamba nilijua tangu zamani saa nane yake ni saa ngapi.

Mdomo ukafunguka. Bwana Pelham alikuwa anamtazama, anangoja kwa adabu. Memsahib akaufunga, akainama, akamalizia kuandika.