Mizinga ya Kamanda

Mgeni aliuliza swali lake huku anatabasamu, utadhani mhudumu wa mkahawa anayengoja oda: wapiganaji wanahitaji nini?

Walikuwa watatu kwenye darasa lililogeuzwa makao makuu ya waasi, madawati yamesukumwa ukutani na ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Mgeni alikuwa ametumwa na serikali ya mbali yenye silaha za kumwaga. Kamanda wa waasi alikaa mbele yake, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Katikati yao alikaa Shangazi, mkalimani, aliyeiokota lugha ya mgeni mapokezini hotelini, kwa miaka mingi ya kuwaambia watalii kwamba maji ya moto yanakuja sasa hivi.

Na hakuwa shangazi wa kuitwa tu. Kamanda ni mtoto wa marehemu kaka yake. Alimlea mwenyewe, akamwogesha, akamchapa. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya bonde, kwenye kambi ya jeshi la serikali, kapteni aliyekuwa akiwasaka waasi alikuwa mdogo wake Kamanda, tumbo moja, aliyelelewa nyumba ileile na mkono uleule. Watoto wawili, na kila mmoja ameapa kumzika mwenzake! Jamani, hapo mtu utapata wapi usingizi?

"Mwambie tunataka mizinga," Kamanda alisema. "Mikubwa. Ya kupiga mpaka ng'ambo ya bonde."

Ng'ambo ya bonde, yaani kwa yule mdogo! Sasa Kiswahili nacho, kibarikiwe, kina mizinga ya namna mbili: mmoja unatema moto, mwingine wanakaa nyuki. Mkalimani mwaminifu angeuliza ni upi. Shangazi hakuuliza. Alikohoa, akakaza uso, akamwambia mgeni kwa lugha yake kwamba Kamanda anaomba makazi ya nyuki.

"Ya nyuki?" mgeni alishangaa.

"Ya nyuki. Na nyuki wenyewe wawemo ndani."

"Watafanyia nini?"

"Siri ya kijeshi," Shangazi alijibu.

Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima. Akauliza wao wenyewe wanayaitaje. Akaambiwa. "Mi-zi-nga," akatamka, analitafuna neno kama mtu aliyepewa mua. Kamanda, kulisikia neno lake kwenye mdomo wa mzungumzaji wa mbali vile, alisimama akampa mkono wa nguvu.

Shehena ikaja kwa lori, imefunikwa turubai. Kamanda aliwapanga watu wake wote mstari, akatoa hotuba ndefu kuhusu mlio utakaomtoa adui usingizini, kisha akashika mtaimbo kwa mkono wake mwenyewe na kubandua kifuniko cha kwanza. Mlio kweli ulitoka. Jeshi lililoapa kutorudi nyuma lilirudi nyuma, likapita jikoni, likapindua masufuria, likaishia kwenye tangi la maji. Kamanda alitoka huko na jicho moja limefumba na mdomo umevimba hadi puani.

"Shangazi! Ulimwambia nini yule mtu?"

"Mizinga. Kwani hukusema mizinga?"

"Nilisema mizinga, sikusema mizinga!"

"Basi siku nyingine ueleze vizuri, baba."

Alikwenda nyuma ya darasa akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma. Ah, aliona raha! Watoto wake watazeeka wote wawili, wawe na vitambi, wagombanie mashamba kama watu wa heshima.

Alikuwa bado anajifuta machozi gari la mgeni lilipoingia.

"Nimetoka ng'ambo sasa hivi," mgeni alisema, amefurahi kweli. "Kule nako nimepeleka."

"Ng'ambo ipi?"

"Kwa kapteni. Wakuu wangu wanapenda kusaidia pande zote, pasiwe na upendeleo. Na sikuhitaji hata mkalimani! Alisema 'mizinga'. Nikamwashiria asijisumbue kueleza, neno hilo nalijua."

Shangazi aliacha kujifuta. Kamanda aking'atwa na nyuki huvimba, basi. Lakini yule mdogo nyuki mmoja tu humziba koo. Utotoni mwake Shangazi alishambeba mgongoni mbio mpaka zahanati, na daktari akamwonya asirudie kukaribia nyuki. Siku zote hizo alizojisifu kwa ujanja wake, haikumpitia akilini kwamba nyuki wangevuka bonde.

"Nimemuua!" alipiga yowe. "Nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu!"

Kupitia dirisha la darasa, redio ya mezani ilikwaruza. Sauti ya ng'ambo ilisema yeyote anayesikia, awe adui asiwe adui, kapteni hapumui, wanaomba dawa.

Kamanda, aliyekuja mbio kwa yowe lile, alimgeukia mgeni. "Muulize kama ana ile sindano ya kufungua koo."

Shangazi alitafsiri. Mgeni alikuwa nayo, kwenye kisanduku chake cha huduma ya kwanza, garini. Ila alikuna kichwa. "Silaha naruhusiwa kugawa mwenyewe," alisema. "Dawa inahitaji kibali cha wizara mbili."

Kamanda alipotafsiriwa hilo alikimbilia garini. Alikwapua kisanduku akateremka bondeni mbio, hana kofia, hana bunduki, kiatu kimoja. Shangazi akamfuata, gauni kalikunja magotini, anasali na kutukana kwa zamu. Hakuna aliyewafyatulia risasi. Askari wa ng'ambo walikuwa wamejifunika mablanketi, vidole tu ndivyo vilivyoonekana.

Shangazi alipofika, sindano ilishaingia pajani. Kapteni alikuwa amelala kichwa kwenye magoti ya kaka yake, anavuta pumzi kwa shida, lakini anavuta. Kamanda alikuwa analia waziwazi, kwa lile jicho lililobaki.

"Mjinga wewe! Mizinga uliagiza ya nini?"

"Ya kukupiga wewe," kapteni alikoroma.

"Na mimi ya kukupiga wewe."

Wakatazamana, sura zimeumuka, wakaanza kucheka na kulia "aii" kwa maumivu. Shangazi aliwazaba kofi moja moja, haki sawa, kisha akakaa chini kwenye vumbi akawakumbatia wote wawili kwa pamoja na hakuwaachia.

Mgeni naye akafika, anahema. "Waulize," alimwambia Shangazi. "Sasa nimsaidie nani?"

Akawauliza. Wale ndugu walijibu kwa pamoja, midomo mizito: "Mwambie ndugu wakigombana, ashike jembe akalime."

Kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile, Shangazi alitafsiri neno kwa neno, hakuongeza wala hakuficha.

Mgeni aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa.

"Majembe," alisema. "Hakuna shida. Mangapi?"

"Moja," Shangazi alimjibu. "La kwako."